Taarifa za Njiani

Kamusi yangu ndogo inaliita masika.
Masika gani haya, yasiyo na radi,
yasiyo na kumbikumbi kwenye taa?
Huku mvua haina msimu, ni jirani tu
anayeingia bila hodi mwaka mzima.

Nashuka basi la mwisho njia panda ya Hepple,
maili moja na nusu kwa miguu hadi kwa Bi Robson,
na kila usiku, kabla sijavua koti,
kabla sijapima presha wala kuuliza habari za choo,
yeye huwahi: "Umeona nini?"
Macho yake yamefunga duka tangu mwaka juzi.
Alichunga kondoo miaka hamsini kwenye vilima hivi;
sasa mimi ndiye dirisha lake,
dirisha la kutoka Muheza, lisilojua majina ya vitu.

Mwanzoni nilimletea takataka:
lori la samadi. Matope. Taa ya mtu.
Akasema, "Inama."

Nikainama.
Nikaleta, mwishoni mwa Februari,
vikengele vyeupe vilivyotoboa theluji chakavu kando ya makaburi;
nikaleta mtaro uliojaa mayai ya vyura,
kama sago aliyoimwaga mtoto akatimua mbio;
nikaleta kichaka cha miiba kilichotoa maua kabla ya majani,
sawa na mtu aliyevaa kofia akasahau kanzu.
Hapo alicheka hadi akakohoa,
ikabidi nimwinue kwa mto wa pili.

"Na juu?"

Juu nilikuwa na kitu changu.
Juu ya zizi la Telford, upande wa magharibi:
Kilimia, kimejikunyata vilevile,
punje sita kwenye kiganja.
Sikukitegemea. Nilidhani nimekiacha nyumbani
pamoja na jembe la mama, nyuma ya mlango.
Mama hakununua mbegu bila kukiuliza.
Nikamtajia Bi Robson jina, akalirudia vibaya,
akalitafuna, akasema:
"Hicho kikishuka hadi ukuta wa mawe, kondoo wangu walizaa."
Nikasimama na soksi yake mkononi.
Kumbe mama na huyu mzungu
wamekuwa wakisoma kalenda moja.

Lakini alichokitaka hasa ni sululu,
yule ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda
kama chombo cha wachimba mitaro.
"Akilia, ndiyo. Kabla ya hapo maua yote ni uvumi."
Wiki ya pili ya Machi homa ikamshika,
kifua kikagonga kama debe la misumari,
nami nikadanganya: nimemsikia, darajani, mara mbili.
Akanyamaza kitambo.
"Hapana. Upepo ni wa mashariki. Hawezi kuja na upepo huo."
Kisha akanipapasa mkono
kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Saa zikasogezwa mbele.
Saa mbili usiku kweupe pe,
hata Kiswahili chenyewe kikaona haya kuuita usiku.
Jabari anazama na mkanda wake,
Kilimia kila siku kidole kimoja kuelekea ukutani,
kimefifia kama kibatari kilichosahauliwa hadi asubuhi.
Kwa Telford taa za zizi hazizimwi tena.

Jana nilikuwa nambadilishia shuka.
Nimemlaza ubavu, uso dirishani,
dirisha limeachwa wazi upana wa kidole,
ndipo ng'ambo ya malisho ikaanza
sauti moja ndefu, ikapanda, ikatetemeka,
ikabubujika kama chupa inayojazwa maji kwa haraka.

Mkono wake ukakaza kwenye chuma cha kitanda.
Sikusema kitu. Naye, kwa mara ya kwanza, hakuniuliza.
Shuka likabaki nusu, kona mbili tayari, mbili bado,
na baridi yote ya bonde ikaingia chumbani,
tukaiacha.